Kulea mtoto ukiwa na miguu isiyosikia: ninavyofanya mimi

Binti yangu alikuwa na miezi mitano uti wa mgongo wangu ulipovimba. Jumatatu vidole vya miguu viliingia ganzi. Jumatano sikuweza kusimama. Sasa ana miaka minne, nami natembelea kiti cha magurudumu.

Usihangaike kumwinua mtoto kutoka sakafuni. Vyake vyote viweke usawa wa mapaja yako. Nepi nilimbadilishia kwenye meza ambayo magoti yangu yanaingia chini yake, baada ya kufunga breki. Akikaa mapajani, nilitufunga sote wawili kwa mkanda mpana kiunoni, kwa sababu misuli yangu hukaza ghafla na mguu ukaruka bila kuniomba ruhusa. Alipoanza kusimama, nilimfundisha kukanyaga kibao cha miguu na kupanda mwenyewe. Ilichukua wiki nyingi na vilio vingi, vingine vyangu.

Joto ndilo la kuogopa zaidi. Siku moja niliweka kikombe cha maji moto mapajani, mtoto akiwa ametoka hapo dakika hiyohiyo. Kikamwagika. Sikusikia kitu, malengelenge niliyaona jioni nikivua suruali. Tangu hapo cha moto hukaa mezani, basi. Maji ya kumwogeshea pima kwa kiwiko, kama mikono yako bado inasikia, wala usiuamini mguu.

Mkojo nautoa kwa mpira mwembamba ninaouingiza hadi kwenye kibofu, kila baada ya saa nne hadi sita. Mtoto atalia, atagonga mlango, atataka hadithi. Nenda kwanza, kabla hujaanza hadithi, maana kibofu kikijaa kupita kiasi utaugua na hutamlea mtu. Aliponiuliza ule mpira ni wa nini, nilimwambia, "Wa kutolea mkojo wa mama." Akaridhika. Wakubwa ndio huuliza mara tatu.

Kila nusu saa nainama mbele kama dakika mbili ili makalio yapumzike, nisipate vidonda. Huo ndio wakati wetu wa kunong'onezana, maana sikio langu linakuwa karibu na mdomo wake. Usiku, akishalala, naikagua ngozi yangu kwa kioo.

Barabarani lazima ashike kiti. Kwenye uwanja mpana usio na uzio siendi naye peke yangu. Yule ana mbio, na magurudumu yangu hayapatani na nyasi.