Namna ya Kulinda Mzigo Unaoukabidhi kwa Shirika la Ndege

Tangu sanduku linapowekwa kwenye mkanda wa kaunta hadi litakapoonekana tena likizunguka katika ukumbi wa kuwasili, hupita katika mikono na mashine ambazo msafiri hazioni: mitambo ya eksirei, mikanda ya kuchambua mizigo, matela yanayovutwa na matrekta, tumbo la ndege, na iwapo kuna kubadilisha ndege njiani, mlolongo wote huo kwa mara ya pili. Hakuna kufuli linaloweza kusimamia safari kama hiyo peke yake. Anayetaka mzigo wake uwe salama hana budi kufanya sehemu kubwa ya kazi kabla hajafika uwanjani, na kazi yenyewe ni ya namna mbili: kutoweka ndani ya sanduku kitu ambacho hawezi kuvumilia kukipoteza, na kujiwekea ushahidi wa kutosha ili, jambo likitokea, madai yake yawe na kitu cha kuyashikilia.

Kinachobaki mkononi

Fedha taslimu, vito, pasipoti, vyeti halisi, funguo, kompyuta mpakato, kamera na diski zenye kumbukumbu za kazi vikae katika begi la mkononi. Masharti ya usafirishaji ya mashirika mengi ya ndege husema waziwazi kwamba vitu vya aina hiyo havipaswi kuwekwa katika mzigo wa kukabidhi, na msafiri anayeyapuuza hujikuta akibishana juu ya mkufu ambao hana njia ya kuthibitisha kwamba ulikuwamo. Dawa zinahitaji uangalifu wa pekee. Beba za kutosha safari nzima pamoja na siku kadhaa za ziada, zikiwa katika vifungashio vyake vya asili, kwa kuwa sanduku lililochelewa linaweza kukufikia baada ya siku mbili tatu ilhali maradhi hayasubiri.

Betri za akiba za lithiamu, zikiwamo zile za kuchajia simu, hazina hiari: kanuni za usafiri wa anga zinakataza kuziweka katika mzigo wa kukabidhi, kwa sababu betri ikishika moto ndani ya kabini wahudumu wanaweza kuukabili mara moja, lakini katika tumbo la ndege hakuna aliye karibu. Kwa kawaida zisizozidi wati-saa 100 (kipimo cha nishati inayohifadhiwa na betri) hubebwa mkononi, na za kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika. Jambo hili linagusa usalama wa mzigo wenyewe, kwani betri iliyosahauliwa ndani ni miongoni mwa sababu za sanduku kufunguliwa na wakaguzi au kuachwa nyuma kabisa.

Kuna mtego mmoja ambao hunasa hata wasafiri wazoefu. Ndege ikijaa, begi la mkononi linaweza kuchukuliwa mlangoni na kushushwa chini pamoja na mizigo mingine, nawe una dakika moja tu ya kuamua unachokitoa. Weka vitu vyote vya thamani, dawa na betri katika mfuko mdogo mmoja ulio juu kabisa ya begi hilo, ili ukiombwa kuliachia uunyanyue mfuko huo na kuendelea na safari.

Sanduku, zipu na kufuli

Watu hutumia fedha nyingi kununua kufuli zito, kisha hulifunga kwenye zipu ya kawaida. Meno ya zipu hizo hupanuka kwa kuchomwa na ncha ya kalamu tu; mwizi huchukua anachokitaka, kisha huvirudisha vishikio viwili vya zipu, vikiwa bado vimefungwa pamoja, juu ya sehemu iliyopanuliwa, na zipu hujifunga upya bila alama yoyote. Ndiyo maana sanduku gumu lisilo na zipu, linalofungwa kwa klipu za chuma kwenye fremu, ni bora zaidi kwa anayesafiri mara kwa mara. Asiyekuwa nalo achague angalau sanduku ambalo vishikio vyake vya zipu huingia na kufungiwa ndani ya kufuli lililojengewa ubavuni, kwa kuwa vishikio hivyo haviwezi kusogezwa, na zipu iliyopasuliwa itabaki wazi ikionekana.

Kuhusu makufuli yenye nembo ya Travel Sentry, ile almasi nyekundu, faida yake ni kwamba wakaguzi wa TSA, mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, wana funguo kuu za kuyafungua bila kuyavunja. Nenda nayo Marekani, kwa sababu kufuli jingine linaweza kukatwa huko na hakuna atakayekulipa. Ila usiyahesabu kuwa ni ulinzi dhidi ya mtu mwenye nia mbaya: mwaka 2014 picha ya funguo hizo ilichapishwa gazetini, na mwaka uliofuata michoro ya kuzitengeneza kwa printa ya 3D ikaenea katika intaneti.

Mimi naupa uzito zaidi utepe wa plastiki wa kukazia, ule unaofungwa mara moja tu na kufunguliwa kwa kukatwa. Ni rahisi kuukata, ni kweli, lakini haurudi kama ulivyokuwa, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Chagua wenye rangi isiyo ya kawaida au wenye namba, upige picha ukiwa umefungwa, na uweke mingine kadhaa katika begi la mkononi kwa ajili ya safari ya kurudi. Ukiona mkandani kwamba haupo au umebadilishwa, unajua kabla ya kutoka uwanjani kwamba sanduku lilifunguliwa. Inawezekana aliyelifungua ni mkaguzi halali. Katika nchi kadhaa, Marekani ikiwamo, mkaguzi huacha karatasi ya taarifa ndani. Kuzungushia sanduku nailoni kunafanya kazi hiyohiyo kwa gharama kubwa zaidi, na wakaguzi wakiichana hakuna wa kuizungushia tena.

Picha, uzito na lebo

Kabla ya kufunga, panga vitu ndani ya sanduku na upige picha tabaka kwa tabaka, kisha lipige sanduku lenyewe pande zote, pamoja na mikwaruzo lililonayo tayari. Risiti za vitu vya bei ziwe katika simu au barua pepe yako. Ndani, juu kabisa ya nguo, weka karatasi yenye jina lako, namba ya simu, anwani ya barua pepe na mahali utakapofikia, kwa kuwa lebo ya nje inaweza kung'oka na wahudumu wakalazimika kulifungua ili kumtambua mwenyewe. Nje, jina na namba ya simu vinatosha. Anwani kamili ya nyumbani humwambia kila apitaye kwamba nyumba hiyo haina mtu.

Ondoa vibandiko vyote vya safari zilizopita, hata vile vidogo vyenye mistari ambavyo hubandikwa ubavuni, kwa sababu mashine inaweza kusoma cha zamani na kulipeleka sanduku lako kusikohusika. Riboni ndefu na vitambaa vya kuning'inia navyo hunasa katika mikanda. Alama ya kulitambua sanduku jeusi miongoni mwa masanduku meusi iwe mkanda wa rangi uliokazwa vizuri, au stika kubwa.

Kwenye kaunta, usiharakishe. Mtazame mhudumu akibandika lebo na usome herufi tatu za kiwanja cha mwisho, ukizilinganisha na tiketi yako. Kosa la hapa hurekebishwa kwa sekunde chache, lakini mzigo ukishaondoka huchukua siku. Lebo hiyo ina namba ya tarakimu 10, ambazo ndani yake mna namba ya shirika na namba ya mzigo wako. Tangu Juni 2018, azimio namba 753 la IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, linayataka mashirika wanachama kuufuatilia mzigo katika hatua nne: unapopokelewa, unapopakiwa, unapohamishwa kati ya ndege na unaporudishwa kwa mwenyewe. Kumbukumbu hizo zote hutafutwa kwa namba yako, kwa hiyo ile risiti ndogo unayobandikiwa kwenye kadi ya kupandia ndege isipotee, na uipige picha pia. Picha hiyo usiiweke mitandaoni, kwa kuwa lebo na kadi huonyesha jina na namba ya kumbukumbu ya safari, na viwili hivyo mara nyingi vinatosha kumwezesha mtu mwingine kuifungua tiketi yako.

Piga pia picha ya sanduku likiwa mizanini, uzito na lebo vikionekana pamoja. Ushauri huu unaweza kuonekana wa kupita kiasi, lakini mwaka 2023 wanawake wawili Wabrazili walikamatwa Frankfurt, Ujerumani, kwa sababu lebo zao zilikuwa zimeondolewa kwenye masanduku yao katika kiwanja cha Guarulhos, São Paulo, na kubandikwa kwenye mizigo yenye kokeini. Walikaa rumande zaidi ya mwezi mmoja, na kilichowatoa ni picha za kamera za uwanjani zilizoonyesha jinsi lebo zilivyobadilishwa. Msafiri hawezi kuzuia jambo kama hilo, ila aliye na picha ya sanduku lake, rangi yake na uzito wake ana pa kuanzia. Kwa sababu hiyohiyo, usikubali kubeba mzigo wa mtu mwingine kwa jina lako, awe nani, na ukiona mkandani sanduku lenye lebo yako ambalo si lako, usiliguse, mwite ofisa.

Kifaa cha kufuatilia

Vifaa vidogo vya kufuatilia vinavyotumia betri ya duara kama sarafu vinaruhusiwa katika mzigo wa kukabidhi. Mwaka 2022 Lufthansa, shirika la ndege la Ujerumani, ilitangaza kwamba havitakiwi, kisha ikabadili msimamo wake baada ya siku chache. Kifiche ndani kabisa, kwenye mshono wa bitana au katikati ya soksi, kwa kuwa kikining'inia nje hung'olewa. Hakizuii wizi, na wakati mwingine huonyesha mahali ambapo mzigo ulikuwa saa kadhaa zilizopita. Faida yake hujitokeza pale mhudumu anaposema sanduku halijulikani liliko, nawe unamwonyesha kwamba limebaki kiwanja cha katikati. Sanduku lenye betri yake yenyewe lazima betri hiyo iweze kutolewa, la sivyo litakataliwa.

Mizigo mingi hupotea au kuchelewa pale inapohamishwa kutoka ndege moja kwenda nyingine, na ripoti za kila mwaka za SITA, kampuni ya teknolojia ya usafiri wa anga, zinaitaja hatua hiyo kuwa sababu kubwa kuliko zote. Ukiweza, safari ya moja kwa moja ina thamani ya nauli iliyoongezeka kidogo. Ukishindwa, usichague muda wa kuunganisha ulio mfupi kiasi kwamba wewe utakimbia na sanduku litabaki. Uliza kaunta kama mzigo unakwenda mpaka mwisho au utauchukua njiani, kwa kuwa anayeingia Marekani, kwa mfano, kwa kawaida huchukua mzigo wake katika kiwanja cha kwanza na kuukabidhi upya.

Mkandani

Nenda moja kwa moja kwenye mkanda, kwa sababu sanduku linalozunguka bila mwenyewe linaweza kuchukuliwa na yeyote, kwa kukusudia au kwa kufananisha. Linganisha namba ya lebo na risiti yako, kagua zipu, utepe na magurudumu, na ukiona dalili yoyote lifungue hapohapo. Likiwa limeharibika, limepungua au halikufika, andikisha taarifa kwenye dawati la mizigo la shirika lililokuleta katika hatua ya mwisho kabla hujatoka, na uchukue nakala ya taarifa hiyo, ambayo wahudumu huiita PIR (kifupi cha Kiingereza cha ripoti ya hitilafu ya mzigo), pamoja na namba yake.

Taarifa ya dawatini isikufanye ulale. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, unaotumika katika safari nyingi za kimataifa, malalamiko ya uharibifu yanapaswa kuwasilishwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokea mzigo, na ya ucheleweshaji ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Vitu vilivyochomolewa ndani ya sanduku ni salama kuvidai katika zile siku 7. Mzigo usioonekana kwa siku 21 unaweza kuuhesabu kuwa umepotea, na shauri la mahakamani lina ukomo wa miaka 2. Fidia yenyewe ina kikomo, ambacho tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 1,519 kwa msafiri (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF), yaani takribani dola 2,000 za Marekani. Hicho ni kiwango cha juu, si malipo ya moja kwa moja, na shirika litataka kuona risiti. Mwenye mzigo wa thamani kubwa zaidi anaweza kutoa tamko maalumu la thamani wakati wa kuukabidhi na kulipa ada, au akategemea bima ya safari, akisoma kwanza kiwango cha juu kinacholipwa kwa kitu kimoja.

Lebo na risiti vihifadhi hadi uwe umefungua kila kitu nyumbani na kuhakikisha hakuna kinachodaiwa, ndipo uvichane vipande vidogo badala ya kuvitupa katika pipa la uwanjani vikiwa na jina lako.