SOMO: Nyanya kwenye ndoo, kuanzia mbegu mpaka kuchuma

Habari zenu wadau. Swali ninaloulizwa kila msimu ni lile lile, mche umenona, majani ya kijani kabisa, maua yapo, alafu tunda likishafika ukubwa wa ndimu linaoza kitako, mtu anakata tamaa anang'oa kila kitu. Leo naandika mwanzo mpaka mwisho ili tuwe na sehemu moja ya kurejea. Naomba muanze na hili kichwani: kwenye ndoo karibu kila tatizo linaanzia kwenye mizizi na maji, dawa inakuja mwisho kabisa na mara nyingi haihitajiki.

HATUA YA 1: Aina

Soma paketi ya mbegu kabla hujafungua. Kuna aina fupi, zinafika kimo fulani zinaacha kurefuka, na matunda yanaiva kwa mkupuo ndani ya wiki chache. Kuna aina ndefu, hizi zinaendelea kupanda juu na kuzaa mpaka baridi au ugonjwa uzimalize. Kwa ndoo na kwa mtu anayeanza nashauri aina fupi, au zile nyanya ndogo ndogo za cheri ambazo zinavumilia makosa mengi. Nyanya kubwa za kunenepa zinataka mizizi mingi na mkono uliozoea, ziache kwanza.

HATUA YA 2: Kusia

Sia wiki 6 hivi kabla ya siku unayotegemea kupandikiza nje, na hiyo siku iwe baridi kali imeshaisha. Vikombe vya plastiki vilivyotobolewa chini vinatosha kabisa. Udongo uwe mwepesi na msafi, usichote ule wa bustanini ambako nyanya ziliugua. Mbegu ifukie sm 1, isizidi, nyunyiza maji taratibu, weka mahali penye joto. Udongo ukiwa na nyuzi joto 20 mpaka 27 utaona vichwa vinatokeza ndani ya siku 5 hadi 10, ukiwa wa baridi unaweza ukasubiri wiki 3 na mbegu nyingine zikaoza humo humo.

Zikishaota mwanga ndo kila kitu. Mche usiopata mwanga wa kutosha unarefuka kama uzi, unalala, na huo hautakuja kuwa na nguvu. Na tafadhali msizidishe maji hapa, kuna ugonjwa wa kinyausi, jioni umeiacha miche imesimama vizuri asubuhi unakuta imeanguka yote, ukiangalia shingo pale inapogusa udongo imesinyaa imekuwa nyembamba kama imefinywa na kucha. Mche wa hivyo hauponi. Kinga yake ni udongo usiolowa muda wote, hewa ipite, na mbegu zisibanane.

Majani mawili ya kwanza ni ya mbegu, hayahesabiki. Yakishatoka yale yenye meno meno, majani halisi mawili, kila mche upate kikombe chake.

HATUA YA 3: Ndoo

Lita 20 kwa mche mmoja. Mmoja tu jamani, sio miwili kwasababu nafasi inaonekana ipo. Toboa matundu 6 au 8 chini, ya kupita kidole kidogo. Na hapa nina ombi, acheni kuweka kokoto chini ya ndoo eti maji yapite vizuri. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto, yanatuama juu ya hizo kokoto, kwa hiyo unachofanya ni kuipandisha ile sehemu ya matope karibu na mizizi na kupunguza udongo. Matundu ya kutosha yanatosha.

Mchanganyiko ninaotumia ni sehemu 2 za udongo mzuri, 1 ya mboji iliyoiva, 1 ya mchanga wenye chembe kubwa. Mboji iliyoiva inanukia kama msitu baada ya mvua, ikitoa harufu kali bado. Samadi mbichi usiweke, inaunguza mizizi.

HATUA YA 4: Kuzoesha na kupandikiza

Mche ukiwa na sm 15 hadi 20 uko tayari, ila usiutoe ndani ukaupeleka moja kwa moja juani. Uzoeshe siku 7 hadi 10, siku ya kwanza saa moja kivulini, kesho masaa mawili, unaongeza hivyo hivyo, jua la asubuhi, upepo kidogo, mpaka unaweza kulala nje. Ukiruka hii hatua majani yanababuka yanakuwa meupe kama karatasi.

Sasa njoo kwenye siri ya nyanya yenyewe. Chukua mche uangalie shina kwa karibu, kule chini, utaona vipele vidogo vidogo vyeupe. Hivyo ni mizizi inayosubiri udongo. Kwa hiyo ondoa majani ya chini, chimba shimo refu, fukia shina mpaka karibu na majani ya juu, hata theluthi mbili ya mche iende chini, na shina lote lililofukiwa litatoa mizizi. Mche uliorefuka sana unaweza kuulaza kwenye mfereji, kichwa kitajiinua chenyewe baada ya siku mbili tatu. Pilipili msiifanyie hivi, shina lake halina tabia hiyo. Na kama mche wako umeunganishwa kwenye shina la aina nyingine, usifukie pale penye kovu la kuungia.

Pandikiza jioni, mwagilia vizuri, chomeka mti wa kuegemea siku hiyo hiyo ili baadae usije ukachoma mizizi. Ndoo ikae sehemu inayopata jua masaa 6 mpaka 8.

HATUA YA 5: Maji

Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndipo nilipopoteza msimu wangu wa kwanza wote. Nilikuwa namwagilia mara tatu kwa siku, kikombe kikombe, juu unaona pamelowa pamependeza, na matunda yote yalikuwa na kitako cheusi. Nikasema ni ugonjwa, nikapuliza dawa ya ukungu, wapi. Mwisho wa msimu nilipopindua ile ndoo udongo wa chini ulikuwa mkavu unatiririka kama unga na mizizi yote imejikunja juu kwenye sm 10 za kwanza. Mmea ulikuwa unaishi kwenye sahani wakati nimeupa ndoo nzima.

Kitako cheusi sio ugonjwa, hakuna mdudu wala ukungu ulioanzisha. Tunda limekosa kalsiamu. Na kalsiamu mara nyingi ipo kwenye udongo ya kutosha, shida ni usafiri, inapanda na maji tu, na majani ndo yanayovuta maji mengi kuliko tunda. Udongo ukikauka kidogo tu majani yanachukua kilichopo, tunda linabaki nyuma, na ile ncha ya mwisho kabisa ya tunda, upande ulio mbali na kikonyo, ndo inayokufa kwanza. Inaanza kama doa la maji, inakuwa kahawia, alafu nyeusi ngumu kama ngozi ya kiatu.

Kwa hiyo mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, alafu acha. Kesho chomeka kidole mpaka fundo la pili, pakiwa pakavu mwagilia tena, pakiwa na ubichi subiri. Au inua ndoo upande mmoja, baada ya wiki mkono wako utajua uzito wa ndoo iliyokunywa na iliyo na kiu. Mmea mdogo unaweza kukaa siku mbili tatu, mkubwa wenye matunda wakati wa jua kali unataka kila siku na siku nyingine mara mbili. Ratiba ya kalenda haifai. Asubuhi ni bora, na maji yaende kwenye udongo sio kwenye majani. Juu weka matandazo ya majani makavu au nyasi kavu, sm 5, yasiguse shina. Hayo matandazo peke yake yatakuokolea nusu ya kazi.

HATUA YA 6: Kupunguza, kufunga, kulisha

Aina ndefu, vichipukizi vinavyotokeza kwenye kwapa kati ya shina na tawi la jani vivunje kwa vidole vikiwa vidogo, asubuhi ya siku kavu. Aina fupi usiviguse, huko ndiko matunda yako yaliko. Funga kwa kitambaa laini, fundo lilegee kwasababu shina litanenepa. Mbolea, anza kidogo kidogo maua ya kwanza yakitokea na usipende zile zenye naitrojeni nyingi, utapata kichaka kizuri cha kupiga picha bila nyanya.

HATUA YA 7: Kuchuma

Siku 60 mpaka 85 toka kupandikiza, kutegemea aina. Sio lazima liive lote shambani. Tunda likianza kugeuka rangi kwenye kitako unaweza kulichuma likamalizia ndani, ladha haipotei, na ndege hawalipati. Kwenye joto kali zaidi ya nyuzi 30 rangi nyekundu inatengenezwa kwa shida, zinabaki za chungwa, kwa hiyo kipindi hicho ndo vizuri zaidi kuzimalizia kivulini. Ila friji hapana mpaka ziive.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu asante kwa somo. Mimi maua yanatoka mengi alafu yanadondoka yote, kikonyo kinakuwa cha njano kwanza. Nifanyeje?

Jibu: Angalia joto kwanza. Mchana ukipita nyuzi 32 hadi 35 au usiku ukishuka chini ya 13 chavua inaharibika, ua halishiki, na hapo ni kusubiri tu hali ya hewa ibadilike, mpe kivuli cha mchana kama ni joto. Kama hali ya hewa ni nzuri basi ni chavua haimwagiki. Ua la nyanya linajichavusha lenyewe ila linahitaji kutikiswa, nyuki bambi (wale wanene wenye manyoya) wanafanya hiyo kazi kwa kutetemesha misuli ya kifua chao, wewe gonga shina kwa kidole katikati ya asubuhi, kila siku. Na kama ulimwaga naitrojeni nyingi, acha.

Swali: Dada mimi naweka maganda ya mayai yaliyosagwa kwenye shimo kwa ajili ya kalsiamu na bado kitako kinaoza, nimeweka machache?

Jibu: Sio machache. Maganda yanaoza polepole sana, msimu huu hayatakusaidia, na kama nilivyosema kalsiamu huenda ipo tayari. Endelea kuyaweka kwenye mboji, yana faida yake huko mbele, ila kwa sasa ondoa matunda yaliyoharibika ili mmea usipoteze nguvu, weka matandazo, maji yawe sawa sawa. Matunda yatakayofuata yatakuja mazima.

Swali: Nimesikia maua ya marigodi yanafukuza wadudu wote kwenye nyanya, ni kweli au ni maneno tu?

Jibu: Wote hapana, ila sio maneno matupu. Kwa nzi weupe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle kule Uingereza walichapisha mwaka 2019 kwamba marigodi zikipandwa pamoja na nyanya toka mwanzo zinapunguza hao wadudu, harufu yake ina kitu kinaitwa limonene. Ukizileta wakati nzi wameshajaa msaada wake ni mdogo. Kwa minyoo fundo, wale wanaotia mizizi vinundu kule ardhini, ni kweli mizizi ya marigodi inatoa sumu inayowaua, lakini lazima uzipande zimejaa eneo lote miezi miwili au zaidi kabla ya nyanya, mche mmoja pembeni ya ndoo haufanyi kitu kwa minyoo. Mimi napanda tu kila msimu, zinavuta wachavushaji na zinapendeza.

Swali: Majani ya chini yana madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, pembeni njano, yanapanda juu.

Jibu: Hiyo ni bakajani tangulia. Kata majani yote yenye madoa uyatupe mbali, usiyaweke kwenye mboji, nawa mikono kabla ya kugusa mmea mwingine. Ondoa na majani yote yanayogusa udongo hata kama ni mazima, kwasababu ukungu unaruka na matone ya maji kutoka chini. Ukiwahi matunda utakula.

Swali: Naweza kutunza mbegu za nyanya niliyopenda?

Jibu: Kama paketi iliandikwa F1, yaani chotara, zitaota ila hutapata nyanya ile ile, watoto wanatawanyika. Kama sio F1, kamua mbegu na ute wake kwenye glasi, ongeza maji kidogo, acha siku 2 hadi 3 ichachuke mpaka juu pafanye utando. Huo ute ndo unaozuia mbegu kuota ikiwa ndani ya tunda, kwa hiyo lazima uondoke. Osha, zilizozama ndo nzima, zianike kwenye sahani sio kwenye karatasi maana zitagandana nayo. Zikikauka kabisa weka kwenye bahasha sehemu kavu yenye ubaridi, miaka 4 zinaota vizuri.

Swali: Udongo wa kwenye ndoo nautumia tena msimu ujao?

Jibu: Mmea ukiwa ulikuwa mzima, ndio, ongeza robo ya mboji mpya, ila usirudishe nyanya, wala biringanya, pilipili au viazi mviringo, hao ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni yale yale. Panda maharage au mboga za majani. Mmea ukiwa ulinyauka ghafla bado una majani ya kijani, au mizizi ulikuta ina vinundu vinundu, huo udongo usiuweke kwenye ndoo yoyote, na ndoo yenyewe isugue kwa sabuni uianike juani.