Ndege zimetoweka kwenye ramani baada ya dhoruba: anzia ndani, paa lisubiri

Nina antena paani na kipokezi cha USB vinavyonasa ishara za redio ambazo ndege hurusha kutaja mahali zilipo, na kompyuta huzionyesha kwenye ramani. Dhoruba ilipotulia usiku ule, ramani yangu ilikuwa tupu. Jana yake nilikuwa napokea ishara za ndege zilizo umbali wa kilomita 300. Nilitamani kupanda paani papo hapo, lakini radi ilikuwa bado inanguruma. Wewe pia usipande.

Angalia kwanza kompyuta. Kama Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoendesha kipokezi, haiwaki sawasawa, shuku kadi ya kumbukumbu, maana umeme ukikatika ghafla mafaili huharibika. Kama inawaka, andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Kipokezi kikionekana kwenye orodha, upande wa USB u hai. Upande wa redio ni habari nyingine: radi ikipiga hata jirani tu, antena huweza kuingiza umeme wa kukiua.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kipande cha waya. Ikiwa kikuza mawimbi chako hulishwa umeme kupitia kebo, uzime umeme huo. Chomoa kebo ya antena, kata waya mwembamba wa shaba wa sentimita 6.9, yaani robo ya wimbi la megahezi 1090 ambalo ndege hutumia, uchomeke katikati ya tundu la antena la kipokezi bila kugusa chuma cha pembeni, kisha weka kipokezi dirishani. Subiri dakika kumi na tano. Zikitokea ndege mbili tatu, kipokezi ni kizima. Zisipotokea, na kwa kawaida anga lako lina ndege saa hiyo, jaribu kipokezi kingine.

Mimi nilipata tano, kwa hiyo ubovu ulikuwa juu. Kulipokucha na paa kukauka nilifungua kiungio cha chini ya antena, tone la maji likanidondokea kidoleni. Nyuzi za shaba zilizosukwa ndani ya kebo zilikuwa nyeusi, zenye ukijani kwenye ncha. Nilikata sentimita 20, bado nyeusi. Nilikata tena 20 ndipo shaba ikang'aa. Usijidanganye kwa kuianika kebo: sehemu ikishapata kutu, imekwisha.

Funga kiungio kipya kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Ivute mpaka irefuke, na uizungushe kutoka chini kwenda juu ili mikunjo ilaliane kama vigae. Kabla kebo haijaingia ukutani, iache ining'inie kidogo chini ya tundu, maji yadondokee nje.

Umbali usiporudi hata baada ya hayo, fungua antena yenyewe. Maji huenda yamo ndani ya bomba lake.