Kabla hujampa seremala vipimo vya boksi la besi

Wenye pikapu za kebini mbili, kabla hujaenda kwa maseremala wa Keko, Dar, kuchongesha boksi la spika ya besi la kukaa nyuma ya siti, kata kwanza umbo lake kwa kadibodi ulijaribishe, siti ikiwa imerudishwa mahali pake. Mimi niliruka hatua hiyo, siti ikagoma kufunga.

Halafu hesabu lita kwa vipimo vya ndani. Hapa ndipo wengi tunapigwa. Boksi la 80 × 35 × 18 kwa sentimita, ukipima nje, ni lita 50. Likitengenezwa kwa MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya unene wa milimita 18, ndani zinabaki lita 34 na ushee, na bado spika yenyewe inakula nafasi yake. Linganisha na lita zilizoandikwa kwenye karatasi ya spika, usikubali "hii inatosha tu bosi".

Viungo vyote vipigwe gundi ya mbao pamoja na skrubu, kisha silikoni kwa ndani. Ikikauka, funga spika usukume koni (ile sehemu ya mbele inayocheza) taratibu kwa vidole: ikirudi polepole, upepo hauvuji. Na kwa unyevu huu wa Dar, paka rangi hata upande wa chini usioonekana. MDF ikinyonya maji inavimba kama andazi.