Tajiri amekula tenda ya kaunti yenu? Mfuate kwa karatasi

Hapa Kenya tumezoea kulalamika kwa WhatsApp eti mabwenyenye wametumaliza, halafu wikendi tunawapigia makofi kwa harambee. Matusi hayawasumbui hata kidogo. Karatasi zinawasumbua, na nyingi ziko wazi ni vile tu hatuzitafuti.

Anza na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, iko kwa tovuti ya ofisi yake, bure. Ni ndefu na inachosha so usijitese kusoma yote, tafuta kaunti yako halafu neno moja tu kama zahanati, kisima ama barabara (ripoti ni ya Kizungu). Utapata ka-aya kafupi, mradi umelipwa, wakaguzi wakafika wakakuta msingi na nyasi. Jina la kampuni mara nyingi halitajwi, kwa hivyo ingia tenders.go.ke uangalie nani alipewa hiyo kazi.

Ukishapata jina nenda eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) uombe CR12, ile rekodi rasmi ya kampuni, unalipa shilingi mia kadhaa, inakuonyesha madirekta na wenye hisa. Sasa hapa ndio utamu uko. Usitarajie kumwona mheshimiwa mwenyewe, utaona shemeji, ama dereva, ama kijana hata hajui ana kampuni! Angalia tarehe ya kusajiliwa, kampuni ya Machi inapataje tenda ya mamilioni Mei? Angalia sanduku la posta pia, ukikuta kampuni mbili "zilizoshindana" zinatumia sanduku moja, ushajua hapakuwa na mashindano. Chunguza sana ile asilimia 30 ya tenda iliyotengewa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu, matajiri wanapenda kujificha hapo na kwangu mimi huo ndio wizi mchafu kuliko wote.

Karatasi ikikosekana andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinakupa haki, unaweza kuandika kwa Kiswahili, hulipii ombi (kopi ndio unaweza kuitishwa pesa kidogo) na si lazima useme unataka ya nini. Itisha kitu kimoja kimoja: mkataba, cheti cha malipo, ripoti ya kukagua kazi. Ukiandika "nataka habari zote za barabara" watakuzungusha mpaka uchoke. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, maana wana siku 21 za kukujibu na bila muhuri watasema hawakuona kitu. Wakinyamaza ama wakikataa, una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunaita Ombudsman.

Ukipost, ficha namba za vitambulisho na za simu, na usiandike "mwizi", hao watu wana mawakili wa kulipwa kwa saa. Weka karatasi, uliza swali, tag MCA wako (mwakilishi wa wadi).