Laptopu ya Linux imetua Nairobi na tovuti hazifunguki: pa kuanzia

Laptopu imeshika waifai ya nyumbani Donholm, alama ya mtandao imejaa, lakini hakuna tovuti inayofunguka. Simu yako kwenye waifai hiyo hiyo inapeta. Kabla hujazima ruta kwa mara ya tatu au kubandika amri usizozielewa, jua hili: laptopu iliyosetiwa Manchester au Munich mara nyingi husafiri na anwani za seva za majina (zinazogeuza jina la tovuti kuwa namba) za huko ilikotoka. Ikifika Nairobi inaendelea kuziuliza, na huku hakuna wa kuijibu. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja tu: inamuuliza nani?

Tenga kwanza intaneti na majina. Fungua terminali, andika amri hii inayobisha hodi kwa 1.1.1.1, seva ya majina ya Cloudflare iliyo wazi kwa wote:

ping -c 3 1.1.1.1

Majibu yakirudi, intaneti ipo, na kinachokosekana ni ule utaratibu wa kugeuza jina kuwa namba, yaani DNS. Yasiporudi, achana na DNS kabisa. Tazama kile kiboksi cha faiba: taa ya LOS ikiwaka nyekundu, waya wa faiba umekatika au umechomoka, na hakuna amri ya Linux itakayoutibu. Mpigie mtoa huduma. Kama mnatumia ruta ya laini ya simu, hakikisha bando halijaisha. Na kama stima ndiyo imerudi sasa hivi, subiri dakika mbili tatu. Ruta hugawa waifai kabla yenyewe haijapata njia ya kutoka nje, na muda huo kila jina hugoma.

Sasa jaribu jina. KENIC ndiyo inayosimamia majina yote yanayoishia .ke, kwa hiyo tovuti yake inafaa kwa kipimo:

ping -c 1 kenic.or.ke

Soma kosa neno kwa neno. “Temporary failure in name resolution” maana yake seva ya majina haikupatikana au haikutoa jibu la maana. “Name or service not known” kwa kawaida maana yake jibu lilipatikana, nalo likasema jina hilo halipo. La pili mara nyingi ni herufi iliyokosewa, au seva ya ofisini inayojua majina ya kampuni peke yake. La kwanza ndilo linalowasumbua wengi wanaorudi likizo.

Kwenye Ubuntu, Mint na Fedora (kuanzia toleo la 33 la mwaka 2020), anayepokea maswali ya majina ni systemd-resolved. Muulize anayapeleka wapi:

resolvectl status
ls -l /etc/resolv.conf

Amri ya kwanza huorodhesha seva za kila kadi ya mtandao, na juu kabisa, chini ya neno Global, zile zilizowekwa kwa mashine nzima. Ya pili huonyesha kama /etc/resolv.conf bado ni kiungo kinachoelekea /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf. Ukifungua faili hilo na kukuta 127.0.0.53, usishtuke. Hiyo ni laptopu ikijiuliza yenyewe, na ndivyo inavyotakiwa. Kwenye Debian ya kawaida utakuta NetworkManager, msimamizi wa miunganisho ya mtandao, ameandika anwani ya ruta moja kwa moja, nayo ni sawa.

Kisichokuwa sawa ni anwani ya mbali. Ukiona 192.168.178.1, hiyo ni ruta ya Fritz!Box ya Ujerumani. Ukiona 10 na kitu, huenda ni VPN ya ofisi iliyokatika bila kufuta nyayo zake. 100.100.100.100 ni ya Tailscale, nayo ni programu ya VPN. Ukikuta seva ya mtoa huduma wako wa Ulaya, hiyo nayo haitakufaa, kwa sababu nyingi hujibu wateja wa mtandao wao tu na wengine huwarudishia REFUSED, yaani imekataa.

Thibitisha kwa kulinganisha. Pata anwani ya ruta ya hapa kwa amri ip route, kwenye mstari unaoanza na default. Tuseme ni 192.168.100.1. Amri dig humuuliza jina yule umtajaye baada ya @:

dig @192.168.100.1 kenic.or.ke
dig @1.1.1.1 kenic.or.ke

Zote mbili zikijibu, mtandao wa Nairobi hauna kosa na ugonjwa uko ndani ya laptopu. Ikijibu 1.1.1.1 peke yake, ruta ndiyo imekwama: izime, hesabu sekunde thelathini, iwashe. Ikijibu ruta peke yake, mtandao huo unazuia seva za nje, basi tumia ya ruta. Kama dig haimo, jina la pakiti ni bind9-dnsutils kwenye Debian na Ubuntu, bind-utils kwenye Fedora. Ndiyo, kuipakua kunahitaji majina yafanye kazi. Chomeka simu kwa kebo ya USB, washa kushiriki intaneti, na laptopu itapata njia ya pembeni.

Ugonjwa ukiwa ndani ya laptopu, una maficho machache. Seva ulizoziandika kwa mkono kwenye waifai ya Munich hazikufuati, maana NetworkManager huhifadhi mipangilio kwa kila jina la waifai. Za kebo hukufuata, kwa sababu mlango wa kebo ni ule ule popote uendako. Ndiyo maana mtu huchomeka kebo kwenye ruta ya Nairobi akitafuta kasi na majina yakafa papo hapo. Ona majina ya mipangilio kwa nmcli con show, kisha futa seva za zamani:

nmcli con mod "Wired connection 1" ipv4.dns "" ipv4.ignore-auto-dns no
nmcli con up "Wired connection 1"

Maficho ya pili ni /etc/systemd/resolved.conf. Ukikuta mstari wa DNS= wenye anwani ya Pi-hole (seva ya majina inayozuia matangazo) ya nyumbani kwako ughaibuni, pamoja na Domains=~. chini yake, kila swali linapelekwa huko na ruta ya hapa hairuhusiwi kusema neno. Weka alama ya # mbele ya mistari yote miwili. Hapo hapo tazama DNSOverTLS. Ikiwa yes, laptopu inadai kila seva izungumze kwa siri kupitia lango la 853, na ruta nyingi za nyumbani haziwezi. Iandike opportunistic, ijaribu siri kwanza na ikishindikana iendelee kawaida. Kisha:

sudo systemctl restart systemd-resolved

Maficho ya tatu ni mabaya zaidi: mtu aliyechoka na faili la resolv.conf kujibadilisha akalifunga kwa chattr +i. Amri lsattr /etc/resolv.conf ikionyesha herufi i, lifungue kwa sudo chattr -i, kisha rudisha kiungo:

sudo rm /etc/resolv.conf
sudo ln -s ../run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf
sudo systemctl restart systemd-resolved NetworkManager

Hii ni kwa mashine zenye systemd-resolved tu. Kwenye Debian isiyo nayo, ukishalifungua faili washa upya NetworkManager na ataliandika mwenyewe.

Waifai za mtaani za kulipia kwa saa kwa M-Pesa zina tabia yake. Ukurasa wa malipo hutokea kwa sababu ruta yao hujibu majina vile inavyotaka. Laptopu inayolazimisha 1.1.1.1 haimsikii mwenye waifai, naye hafungui njia mpaka ulipe. Kwa hizo ondoa seva zako za mkono kabla ya kuunganisha, au andika anwani ya ruta moja kwa moja kwenye kivinjari.

Na kama terminali inapata majina lakini Firefox haipati, kivinjari kina DNS yake ya peke yake, iliyofichwa ndani ya HTTPS. Izime DNS hiyo kwenye mipangilio ya faragha na usalama. Ikiwa ni jina moja tu linalopotea na dig @1.1.1.1 inalipata, huenda kuna mstari wa zamani ndani ya /etc/hosts: dig ikiuliza nje moja kwa moja hailipiti faili hilo, ila programu nyingine hulisoma.

Sasa kompyuta ya mezani uliyomwachia mama, na wewe uko Minneapolis. Majina yakifa, programu ya kuingilia kutoka mbali nayo huwa imekufa, kwa hiyo mpigie WhatsApp ya video kwa data ya simu yake na umwombe aelekeze kamera kwenye skrini. Anza na saa. Kompyuta iliyokaa miezi bila stima, na kibetri chake cha CR2032 kimeisha, huweza kuamka ikidhani ni tarehe ya zamani. Hapo ukaguzi wa DNSSEC (saini zinazothibitisha majibu ya majina) na vyeti vya siri, kama umeviwasha, hukataa kila jibu. Yenyewe huenda isiweze kujirekebisha, maana seva ya saa nayo inaitwa kwa jina.

timedatectl
sudo timedatectl set-ntp false
sudo timedatectl set-time "2026-01-10 10:30:00"
sudo timedatectl set-ntp true

Weka tarehe na saa ya siku hiyo, bila shaka, na uhakikishe Time zone inasoma Africa/Nairobi kabla ya kuweka saa. Ukiweka saa ya ukutani huku eneo likiwa la Minneapolis, utakuwa umeipeleka mashine mbele kwa saa nane au tisa. Kibetri kipya hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta mjini. Mtumie mjomba au jirani akinunue na kukibadilisha kompyuta ikiwa imechomolewa kwenye stima, la sivyo stima ikipotea tena mtarudi kwenye simu hiyo hiyo.