Miksi yako ya kwanza imeisha, sasa utapataje maoni ya ukweli

Umemaliza kurekodi miksi yako ya kwanza ya u-DJ, ngoma za watu umeziunganisha mfululizo, umeisikiliza mara sita, asubuhi ukaona kali jioni ukaona takataka. Ni kawaida hiyo. Sasa unataka watu wakwambie ukweli na hapa ndo wengi tunaharibu, mana tunarusha linki tunaandika "mnaionaje wakuu", afu tunapata "moto sana" tatu na emoji za moto na imeisha hiyo, hujajua lolote. Ukiuliza juu juu unajibiwa juu juu.

Kwanza kabisa usitume leo. Iache siku mbili tatu afu isikilize ukiwa unatembea au unafua, bila kuangalia skrini, mana ukiona mawimbi ya ngoma kwenye programu jicho linajua biti zimekaa pamoja na sikio linakubali tu. Isikilize kwa hedifoni, afu spika kubwa, afu spika ya simu (kwenye simu besi karibu yote inapotea, yanabaki maneno na vigoma vya juu, kwaiyo nyimbo mbili zikiimba kwa wakati mmoja utazisikia zinagombana hadi aibu). Andika dakika ya kila sehemu iliyokukera. Hizo usimuulize mtu, tayari unazijua.

Kuna makosa ambayo yakiwemo watu hawataongelea kitu kingine, kwaiyo yamalize mapema. La kwanza ni sauti. Kama taa nyekundu ya kipimo cha sauti ilikuwa inawaka muda wote ulipokuwa unarekodi basi sauti imeshapasuka, na kuipunguza baadae hakusaidii, utapata tu mpasuko wa sauti ndogo, hapo rekodi upya. Acha nafasi, vilele (pale sauti inapopanda juu kabisa) vikiwa kwenye dB -6 hivi, yani chini ya kikomo cha 0, inatosha kabisa, kuipandisha utaipandisha ukishamaliza. La pili, ngoma za zamani nyingi zimerekodiwa kwa sauti ya chini kuliko za sasa, rekebisha kwa geini (kitufe cha kuongeza au kupunguza sauti ya ngoma moja) ngoma ikiwa bado unaisikia wewe tu kwenye hedifoni, sio msikilizaji akimbilie kitufe cha sauti kila baada ya dakika nne.

Urefu: nusu saa, basi. Najua unayo ngoma mia mbili, ila mtu anayekusaidia bure hatakaa masaa mawili. Wewe baki na WAV (faili lisilobanwa), wao watumie MP3 ya kbps 320 (lililobanwa), mana WAV ya kawaida inakula kama MB 10 kwa dakika na hiyo MP3 kama MB 2.4, yani nusu saa ni MB 300 dhidi ya 70 na kitu, na kuna watu wanasikiliza kwa bando lao. Ukipandisha mtandaoni jua kuna sehemu mfumo wenyewe unatambua nyimbo za watu na kuzuia miksi yako, Mixcloud, mtandao wa kuweka miksi, wao wana makubaliano ya leseni kwa ajili ya miksi kwaiyo ni salama zaidi.

Haya, nani wa kumuuliza. Mimi natafuta watu wa aina mbili tu. Mmoja ni DJ aliyekuzidi kidogo, sio lazima awe mkubwa, wakubwa hawajibu. Mwingine ni mtu anayependa kucheza muziki ila hajui hata BPM (idadi ya biti kwa dakika) ni nini. Hawa wawili usiwaulize swali moja!

DJ mpe orodha ya ngoma na dakika zake na maswali mawili matatu ya kueleweka. Mfano: "Dakika ya 7:40 nimeingiza ngoma ya tatu, naona nimeiingiza mapema, wewe unasikiaje? Na 15:20 nilitoa besi ya ile ya kwanza, nilichelewa?" Hapo hata akiwa na dakika kumi tu anaruka moja kwa moja mpaka pale na anakujibu kitu cha maana: pengine atakwambia hukuhesabu, mana nyimbo nyingi za kuchezea zinabadilika kila biti 32, na wewe umeingia kwenye ya 20 ndo mana inasikika kama mtu aliyekatiza maongezi.

Yule mchezaji usimwambie lolote kuhusu makosa, ukishamwonyesha ataanza kuyasikia hata kama hayapo. Muulize "uliboreka wapi?" na "kuna sehemu ulisogeza mbele?", basi. Bora zaidi icheze mkiwa wote unafanya kazi nyingine, afu mwangalie miguu. Kichwa kikiacha kutikisika au simu ikitoka mfukoni, angalia dakika ngapi.

Majibu yakija, usijitetee. Mimi jamaa mmoja aliniambia sauti inashuka dakika ya tisa, nikamwandikia aya tatu nzima kuhusu ubovu wa kontrola yangu (mashine ya kuchezea miksi), hajawahi kusikiliza miksi yangu nyingine mpaka leo na wala simlaumu. Sema asante, kama hujaelewa muulize "pale hasa ni besi au ni biti zinakimbizana?", ukimaliza nyamaza.

Afu chuja. Watu watatu wakitaja dakika ile ile pana tatizo, hata kama wewe unapapenda. Mmoja akisema hapendi ngoma uliyochagua hiyo ni ladha yake, iache ipite. Na atatokea tu wa kukusema umetumia sinki (kitufe kinacholinganisha biti chenyewe), huyo usibishane nae, muulize biti zilikaa au hazikukaa, akikosa jibu umemjua.

Usirudie miksi ile ile mara kumi kuisafisha, utaichukia. Chukua makosa mawili tu uingie nayo kwenye inayofuata, ukishairekodi mtumie yule yule wa dakika ya tisa, kama bado anapokea, umuulize hiyo sauti tu.